Kura Zikikaribiana, Jirani Hutafuta Bandari Nyingine

Juzi nilikaa kwenye kibanda cha chai pale Miritini na madereva watatu wa matrela, wawili kutoka Uganda na mmoja kijana wetu wa Changamwe. Mazungumzo yalianza na bei ya dizeli, yakapita kwenye foleni ya mizani ya Mariakani, yakatua kwenye uchaguzi wetu wa Agosti 2027. Mmoja wa wale Waganda, mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza: "Sheikh, mwaka kesho tajiri wangu aendelee kupitisha mzigo hapa, ama aanze kuuzoesha Dar?"

Hakuniuliza nani atashinda. Hilo halimhusu sana. Alichotaka kujua ni kama barabara ya Malaba itapitika siku ya pili baada ya matokeo kutangazwa. Nilimjibu maneno ya kumtuliza, kama ilivyo kawaida yetu watu wa Mombasa, lakini nilipofika nyumbani swali lile lilinikaa moyoni. Leo nataka kulijibu sawasawa, maana jibu lake linahusu riziki ya nyumba nyingi za Pwani kuliko tunavyofikiri.

Wengi wetu huamini kwamba hatari ya uchaguzi ni kura kukaribiana. Tunasema, akishinda mtu kwa mbali, mambo yatatulia. Wakibanana, tutaumia na majirani watatukimbia. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka nilipoketi nikaweka hesabu mbili ubavu kwa ubavu.

Mwaka 2007 tume ya uchaguzi ilimtangaza Mwai Kibaki kuwa na kura 4,584,721 na Raila Odinga kura 4,352,993. Tofauti yao ilikuwa kura 231,728. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141 na Raila, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, kura 6,942,930. Tofauti ikawa kura 233,211. Ndugu msomaji, tofauti hizo mbili zimepishana kwa kura zisizofika 1,500. Na kwa kuwa mwaka 2022 wapiga kura walikuwa wengi zaidi, kwa asilimia uchaguzi ule ndio uliobana zaidi: 50.49 kwa 48.85.

Lakini mwaka 2007 Kampala na Kigali zilikosa mafuta. Mwaka 2022 malori yaliendelea kuvuka Malaba. Kwa hivyo kukaribiana kwa kura peke yake hakuelezi kitu. Lazima kuna jambo jingine.

Januari ile tuliyoiona kwa macho

Mwaka huo wa 2007 nilikuwa karani kijana katika kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa mjini, diploma yangu haijakauka wino. Kazi yangu ilikuwa kukimbia na makaratasi ya mizigo ya Uganda na Rwanda, kutoka ofisi hadi bandarini na kurudi. Matokeo yalitangazwa jioni ya Jumapili, tarehe 30 Desemba, na jioni ile ile rais akaapishwa Ikulu. Siku chache baadaye mwenyekiti wa tume mwenyewe, marehemu Samuel Kivuitu, alikiri mbele ya waandishi kwamba hajui kama Kibaki alishinda kweli. Mwamuzi akisema hajui nani kafunga bao, mashabiki watafanya nini?

Yaliyofuata tunayajua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Watu laki kadhaa walihama makwao. Mombasa nayo haikusalimika. Lakini mimi leo naongelea lile ambalo wakubwa hulitaja kwa haraka, yaani mzigo.

Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilikuwa likiishia Eldoret na Kisumu. Kutoka hapo mafuta hupanda malori kwenda Kampala, Kigali, Bujumbura na mashariki ya Congo. Sasa tazama ramani: Naivasha, Nakuru, Eldoret. Pale pale palipowaka moto ndipo njia ya jirani ilipopita. Malori yalichomwa, madereva wakapigwa, na kule Kibera vijana waling'oa reli ya kwenda Uganda. Kampala na Kigali foleni zikajaa kwenye vituo vya mafuta na bei ikaruka. Malori yaliyothubutu kusafiri yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Wafanyabiashara wa Uganda waliopoteza mali zao katika barabara zetu walidai fidia kwa miaka mingi.

Na hapa Kilindini? Makontena yalirundikana hadi yakakosa pa kuwekwa. Mzigo hautoki, lakini meli zinaendelea kuja. Kuli anayelipwa kwa siku akawa anakuja asubuhi, anakaa kivulini, anarudi nyumbani mchana mikono mitupu. Mama aliyekuwa akiwauzia madereva viazi karai na chai karibu na ofisi yetu alifunga kibanda wiki ya pili ya Januari. Hakuna aliyempiga wala kumchomea. Wateja wake tu walikuwa wamekwama Malaba.

Siasa nayo ikaingia kati ya nchi. Rais Museveni alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo kabisa kumpongeza Kibaki, wakati nusu ya Wakenya wanasema kura zimeibwa. Ukaenea uvumi magharibi ya nchi kwamba askari wa Uganda wamevuka mpaka; Uganda ikakanusha. Wengi waliitafsiri ile reli kung'olewa kuwa ni salamu kwa Kampala. Mganda wa kawaida, aliyekuwa hana habari na kura zetu, akawa anaonekana ni mtu wa upande fulani.

Tusisahau pia nani alitusaidia kuzima moto. Katika jopo la Kofi Annan alikuwamo Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, pamoja na Graça Machel. Mwishoni mwa Februari Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuja Nairobi, na tarehe 28 Februari 2008 mkataba ukatiwa saini. Jirani yule ambaye bandari yake inashindana na yetu ndiye aliyekuja na ndoo ya maji.

Kilichobadilika ni mlango

Kwa nini mwaka 2007 wapinzani hawakwenda mahakamani? Walisema wazi kwamba hawaziamini. Na walikuwa na sababu. Kibaki mwenyewe aliposhindwa na Rais Moi mwaka 1997 alikwenda kortini, na kesi yake ikatupwa kwa sababu karatasi za mashtaka hazikukabidhiwa Moi mkononi. Nani wa kumkabidhi rais karatasi mkononi, na walinzi wote wale? Mlango ulikuwapo, lakini ulikuwa umechorwa ukutani.

Katiba ya 2010 ilitoboa mlango wa kweli. Anayepinga ushindi wa rais ana siku saba za kufungua kesi, na Mahakama ya Juu ina siku kumi na nne za kutoa uamuzi. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo Afrika ilikuwa haijaliona.

Mwaka 2022 mlango huo ulijaribiwa vikali. Tarehe 15 Agosti makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hadharani, saa ile ile mwenyekiti wao akijiandaa kuyatangaza. Tulikaa mbele ya televisheni tukidhani Januari ya 2008 imerudi. Lakini Raila alikwenda mahakamani, kesi ikasikizwa, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakasema kwa kauli moja kwamba ushindi ni halali. Raila akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Wiki moja baadaye, tarehe 13 Septemba, Ruto akaapishwa Kasarani na wakuu wa nchi jirani wamekaa jukwaani.

Sisemi mahakama ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2017 watu waliuawa na polisi, na uchaguzi wa marudio ulisusiwa. Ninachosema ni kwamba mwenye lalamiko alipokuwa na mahali pa kulipeleka, barabara haikuwa mahakama yake. Na barabara isipokuwa mahakama, lori hupita.

Ushahidi kutoka upande wa pili wa mpaka

Kama hili lingekuwa la Kenya peke yake, ningeogopa kulifanya kanuni. Lakini tuna ushahidi kwa jirani yetu wa kusini, na wa kwanza ulifika kwetu kwa mashua.

Mwaka 1995 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi baada ya mapinduzi. Dkt Salmin Amour wa CCM alitangazwa na asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Huwezi kupata uchaguzi wa kubanana zaidi ya huo. CUF haikukubali, na lalamiko lake halikupata pa kusikizwa. Likakaa miaka mitano likichemka. Uchaguzi wa 2000 ukaja na vurugu zake, na mwishoni mwa Januari 2001 polisi wakafyatulia risasi waandamanaji, Pemba na Unguja. Makumi ya watu wakafa. Zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, kule Kwale.

Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenzake, ikawa imetoa wakimbizi wake, na sisi ndio tuliokuwa wenyeji. Wasomaji wetu wa Vanga, Wasini na Shimoni hawahitaji kusimuliwa. Walioshuka kwenye zile mashua walikuwa jamaa zao, wana majina yale yale na lahaja yao wanaijua. Serikali mbili zilizokuwa zikizungumza habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imefufuliwa muda mfupi kabla, zikajikuta zinazungumza habari za kambi. Mpaka vyama vilipotia saini muafaka Oktoba 2001, ndipo nafsi zikapoa.

Ushahidi wa pili ni wa juzi tu. Tarehe 29 Oktoba 2025 Watanzania walipiga kura, na tume yao ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa karibu asilimia 98. Hapo hakuna kubanana hata kidogo. Kwa ile imani yetu ya zamani, mpaka ungekuwa shwari. Kumbe sivyo. Chama kikuu cha upinzani kilikuwa kimezuiwa kushiriki na kiongozi wake, Tundu Lissu, yuko ndani kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura maandamano yalilipuka, mtandao ukafungwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, na vurugu zikafika hadi Namanga, kwenye mlango wa Kenya, biashara ikasimama.

Na katika sheria za wenzetu kuna kifungu cha kutazama. Katiba ya Tanzania inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama yenye uwezo wa kuhoji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Bado kipo.

Basi weka yote pamoja. Kura 233,211 na mlango wazi: malori yakapita. Kura 231,728 na mlango wa kuchora: reli ikang'olewa. Asilimia 98 na hakuna mlango kabisa: Namanga ikasimama. Jirani hapimi upana wa ushindi wetu. Anatazama kama aliyeshindwa ana pa kwenda.

Ushindi mwembamba na marafiki wa ikulu

Hata hivyo, kukaribiana kwa kura kuna athari yake nyingine, ambayo haionekani barabarani. Rais aliyepenya kwa kura chache huhitaji kutambuliwa haraka, na pongezi za jirani huwa na thamani kubwa kwake. Yule jirani naye hujua thamani hiyo.

Urafiki wa Ruto na Museveni ulikuwapo kabla ya 2022. Agosti 2021, Ruto akiwa naibu wa rais aliyekosana na mkubwa wake, alizuiwa uwanja wa Wilson asiruke kwenda Uganda. Alipoapishwa, wengi tulidhani biashara na Kampala itateleza kama samli. Haikupita hata miezi miwili, mtoto wa Museveni, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, akaandika mtandaoni kwamba yeye na jeshi lake hawangechukua hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Babake akatuomba radhi Wakenya, akamwondoa katika ukuu wa jeshi la nchi kavu, na wakati huo huo akampandisha cheo.

Mwaka 2023 ukaja ugomvi wa mafuta. Kenya ilikuwa imeingia mkataba wa mafuta kwa mkopo na kampuni za serikali za Ghuba. Uganda ikalalamika kwamba kununua kupitia kampuni zetu kunampandishia bei mwananchi wake, ikaamua kampuni yake ya taifa ilete mafuta yenyewe. Kenya ikachelewesha leseni. Uganda ikatushtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki na kusema itageukia Tanzania. Mwaka 2024 tukakubaliana, na mafuta yao sasa yanapita hapa kwa jina lao. Urafiki wa ikulu haukuzuia ugomvi ule. Uliotuokoa ni ukweli kwamba wao wana njia mbili na sisi hatuna Uganda mbili.

Aidha, urafiki wa wakubwa una giza lake. Novemba 2024 mpinzani wa Uganda, Dkt Kizza Besigye, alitoweka Nairobi na siku chache baadaye akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mei 2025 Martha Karua alifukuzwa Tanzania alipokwenda kushuhudia kesi ya Lissu. Watawala wakisaidiana kunyamazisha wapinzani, wanaoumia ni raia wa pande zote, na chuki inayobaki hailali kwao bali kwa yule dereva, muuza duka na mwanafunzi anayevuka mpaka.

Sisi wa Pwani tunasimama wapi?

Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia zaidi ya tani milioni 40 za mizigo. Karibu theluthi moja ni mizigo inayopita kwenda nchi jirani, na zaidi ya nusu ya hiyo ni ya Uganda. Huyo ndiye mteja wetu mkubwa. Akigeuka, Nairobi itahisi hasara kwenye vitabu vya hesabu. Sisi tutaihisi jikoni.

Na kugeuka kunazidi kuwa rahisi. Njia ya Dar kwenda Kampala ni ndefu kuliko yetu kwa kilomita mia kadhaa, na hiyo ndiyo iliyotulinda. Lakini mwaka 2016 Uganda iliamua bomba lake la mafuta ghafi, kilomita 1,443, liende Tanga badala ya Lamu. Sababu zilizotajwa ni gharama, ardhi na usalama, wala sidai kwamba uchaguzi wa 2007 ndio uliotunyima bomba. Nasema tu kwamba aliyewahi kulala na gari bila mafuta kwa sababu ya kura za mwenzake hawezi kuacha kufikiria njia ya pili. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar hadi Dodoma, na bandari ya Dar imekabidhi gati zake kadhaa kwa kampuni kubwa za nje. Wenzetu hawakulala.

Tukumbuke pia kwamba uchaguzi huo huo uliobana wa 2022 ulituletea jambo tulilolilia. Wengi wetu hapa Pwani tulimpigia kura mpinzani wa Ruto, lakini siku aliyoapishwa aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa, baada ya amri ya 2019 kuzipeleka Nairobi. Kazi zikarudi. Tofauti ya kura chache inaweza kuhamisha kontena, na kontena huhama na riziki ya watu.

Kwa hivyo yako mambo ya kudai tangu sasa, bado mapema. Tume ya uchaguzi ilikaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna, hadi Julai 2025. Waliopo sasa wana muda mfupi wa kujenga imani, na imani hujengwa kwa kuonyesha fomu za kila kituo, si kwa hotuba. Wabunge wetu wa Pwani waulizwe wanafanya nini juu ya hilo, badala ya kutuletea fulana za chama. Tudai mahakama ile iheshimiwe na isitishwe, hata inapotoa uamuzi tusioupenda. Na serikali ituambie mapema ina mpango gani wa kulinda barabara ya mizigo wiki ile ya matokeo, ili mteja wa Kampala aujue kabla hajaagiza meli.

Letu sisi raia ni dogo lakini lina uzito. Dereva wa Uganda, mwanafunzi wa Tanzania, muuza vitenge wa Congo, hao hawana kura hapa. Mwanasiasa akipanda jukwaani Tononoka akaanza kuwatukana ili apate makofi, tusimpigie.

Nikikutana tena na yule mzee pale Miritini, sitamtuliza kwa maneno matamu. Nitamwambia mwambie tajiri wako asitazame nani anaongoza kwenye kura za maoni. Atazame kama fomu za vituo zinawekwa wazi, na kama aliyeshindwa anaelekea mahakamani au barabarani. Akiona mahakamani, alete mzigo, Inshallah tutaushusha. Akiona barabarani, sina haki ya kumlaumu akienda Dar.